Barua ya Kurasa 33

Hadi leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotoa jibu la usonji. Mtaalamu humwangalia mtoto akicheza: anageuka akiitwa jina? Ananyoosha kidole ili na wewe umwone ndege? Kisha anamgeukia mzazi: hebu nisimulie alivyoanza. Swali hilo lina historia yake, tena chungu.

Mwaka 1938 Beamon Triplett, mwanasheria wa Forest, mji mdogo wa Mississippi, Marekani, alimwandikia Leo Kanner, daktari wa akili za watoto kule Baltimore, barua ya kurasa 33 kuhusu mwanawe Donald. Ukiniuliza mimi, huo ni uandishi hasa. Mtoto wa miaka miwili anakariri Zaburi ya 23, lakini baba akirudi nyumbani wala hana habari naye. Anazungusha kila kinachozungushika. Furaha yake ni kuachwa peke yake. Makala ya Kanner ya 1943 ilieleza watoto 11. Donald ndiye wa kwanza, na maneno ya baba yake yamejaa humo. (Huko Moscow, Grunya Sukhareva alishawaeleza wavulana 6 wa namna hiyo katika miaka ya 1920. Nani alimsoma?)

Sasa sikia. Katika makala hiyohiyo Kanner anasema wingi wa maelezo ya wazazi ni dalili kwamba wao wenyewe ni watu wa kung'ang'ania mambo kupita kiasi. Yaani barua imempa ugunduzi, halafu anaigeuza ushahidi dhidi ya aliyeiandika! Miaka michache baadaye akawa anazungumzia wazazi wenye ubaridi, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim akaandika kitabu kizima kilichowatwisha lawama akina mama.

Waliopinga walikuwa wazazi wenye taaluma. Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mtoto wa kiume mwenye usonji, alitetea chanzo cha kibaolojia mwaka 1964. Lorna Wing, daktari wa Uingereza aliyekuwa na binti mwenye usonji, aliandika mwaka 1981 juu ya wale wanaoongea vizuri tu ila watu wanawapa shida kuwaelewa. Mlango ukafunguka kwa watu wazima pia.

Ila kwa mtu mzima swali la mzazi linabaki palepale. Mwongozo wa Marekani wa 2013 unataka dalili ziwe zimeanza utotoni, hata kama zilijitokeza wazi baadaye, maisha yalipozidi uwezo wa mtu. Basi mama wa miaka 45, aliyejifunza kuiga vicheko vya wenzake tangu shuleni, anaulizwa: nani anakukumbuka ukiwa na miaka mitatu? Kama wazazi wameshafariki, anatafutwa kaka au dada, zinafukuliwa ripoti za shule.

Donald alifanya kazi benki mjini kwao, akacheza gofu, akawapa watu namba kama majina ya utani. Alifariki mwaka 2023, ana miaka 89.