Vioo vya Maadi
Mwaka 1913, huko Maadi, kusini mwa Kairo, mashine ya mvuke ilivuta maji ya Mto Nile hadi mashambani bila kuchoma hata kipande cha makaa ya mawe, ambayo Misri iliyanunua ng'ambo kwa bei ya kuumiza. Kuni zake zilikuwa jua.

Mvumbuzi wake, Mmarekani Frank Shuman, alisimika safu 5 za vioo vilivyopinda kama mtumbwi, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 60. Juu ya kila safu lilipita bomba la kuchemshia maji. Asubuhi vioo vilielekea mashariki, jioni magharibi.

Mabomba ya kwanza, ya zinki, yalilegezwa na joto yakaharibika. Yakawekwa ya chuma.

Kinachosahaulika isivyo haki ni vipimo. Mhandisi A. S. E. Ackermann alipima joto la jua, mvuke uliotoka na nguvu ya mashine. Leo kompyuta hukokotoa hayo kabla kioo cha kwanza hakijasimikwa, lakini swali ni lilelile: katika joto linaloangukia kioo, ni kiasi gani hufika kwenye pampu?

Mwaka 1914 vita vikazuka, wahandisi wakatawanyika. Shuman alifariki mwaka 1918.