Radiamu na Dhana ya Nuru Isiyodhuru

Radiamu, elementi ya metali ambayo Marie Curie na mumewe Pierre waliigundua mjini Paris mwaka 1898, hutoa mionzi yenyewe bila kuwashwa wala kupashwa moto, na kwa kuwa madaktari waliitumia mapema kuunguza uvimbe wa saratani, watu wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba kitu kinachoua maradhi hakiwezi kumdhuru mwenye afya.

Imani hiyo ndiyo iliyotawala katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1917 mjini Orange, jimbo la New Jersey, ambako wasichana walipaka nambari za saa kwa rangi ya radiamu iliyochanganywa na salfaidi ya zinki ili zing'ae gizani. Kwa kuwa nambari zilikuwa ndogo mno, walifundishwa kuchongoa ncha ya brashi kwa midomo, na hivyo kila siku walimeza rangi kidogo kidogo, huku wakihakikishiwa kwamba haina madhara. Baada ya miaka michache meno yao yaling'oka, mifupa ya taya ikaoza na damu ikapungua. Mwaka 1925 daktari Harrison Martland alithibitisha kwamba radiamu ilikuwa imejikita ndani ya miili yao, na mwaka 1928 wanawake watano waliofungua kesi walikubaliana na kampuni kulipwa fidia.

Chanzo cha kosa kilikuwa kutotofautisha mionzi iliyo nje ya mwili na ile iliyo ndani yake. Sehemu kubwa ya mionzi ya radiamu ni chembe za alfa, ambazo huzuiwa hata na karatasi au ngozi; lakini radiamu ikimezwa, mwili huidhania kuwa kalisiamu na kuihifadhi mifupani, ambako huendelea kuchoma chembe hai kwa muda wote wa maisha ya mtu, kwani nusumaisha yake, yaani muda unaohitajika ili nusu ya kiasi chake ioze, ni kama miaka 1,600.

Hata hivyo biashara haikukoma. Madini ya Shinkolobwe, huko Katanga nchini Kongo, yaliyosafishwa Ubelgiji kuanzia mwaka 1922, yaliteremsha bei ya radiamu duniani, na huko Marekani maji ya chupa yenye radiamu yaliuzwa kama dawa ya nguvu, hadi tajiri Eben Byers, aliyekunywa zaidi ya chupa elfu moja, alipofariki mwaka 1932.

Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, kosa liligeuka upande wa pili, kwani watu wengi walianza kuogopa kila kiitwacho mionzi, ilhali mawimbi ya redio na ya simu hayana nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu kama ifanyavyo mionzi ya radiamu, na mgonjwa aliyepigwa picha ya eksirei habaki na mionzi mwilini. Wale waliomeza rangi kwa kuaminishwa kuwa ni salama, na wanaokataa leo kipimo cha lazima kwa hofu, wamenyimwa elimu ileile: usalama haupimwi kwa jina la mionzi, bali kwa aina yake, kiasi chake, na mahali inapougusa mwili.