Kufuta na Kufutilia Mbali

Fundi akikuuzia laptopu ya mtumba pale Kariakoo, atakuhakikishia kwamba ameshaipiga window upya, kwa hiyo haina kitu. Hadanganyi, ndivyo anavyoamini. Lakini diski iliyomo ndani huenda bado ina picha za harusi, nakala za kitambulisho na barua za benki za mwenye kompyuta wa kwanza. Kuzitoa hakuhitaji utaalamu mkubwa. Programu za bure kama PhotoRec na Recuva zimetengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya kurejesha yaliyofutwa.

Chanzo cha imani hiyo ni kitenzi futa, ambacho tumekibebesha mambo mawili yasiyofanana. Ukifuta faili na kumwaga pipa la taka, kompyuta haigusi maandishi yenyewe. Inachofanya ni kukata jina la faili kwenye orodha yake na kuitangaza nafasi ile kuwa wazi. Ni sawa na mpangaji aliyekatwa jina kwenye daftari la mwenyekiti wa mtaa huku bado analala chumbani mwake. Hatoki mpaka aletwe mwingine wa kukaa pale. Kufomati kwa haraka nako huanzisha daftari jipya tu. Wapangaji wa zamani wamo.

Mwaka 2003, Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa diski 158 zilizokwishatumika, walizozinunua sokoni. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Kwenye zilizobaki walikuta barua, rekodi za matibabu na maelfu ya namba za kadi za benki. Diski moja ilionekana kuwa imetoka kwenye mashine ya ATM.

Kiingereza hukiita kitendo kinachotakiwa hapa data erasure, tofauti na kufuta faili kwa kawaida. Sisi tumezoea kusema “ufutaji wa data”, istilahi isiyomwonya msomaji chochote. Wengine husema “usafishaji wa diski”, lakini kwa watumiaji wengi kusafisha ni kuondoa takataka ili nafasi iongezeke. Mimi napendekeza turudi kwenye sarufi yetu wenyewe. Kiswahili kina njia ya kuonyesha tendo lililofika mwisho: kitenzi hurefushwa, kisha huongezwa mbali. Kilichotupwa chaweza kuokotwa. Kilichotupiliwa mbali kimekwenda. Mahakama ikifutilia mbali hukumu, hukumu hiyo haina nguvu tena. Basi tuseme kufutilia mbali data, na jina lake liwe ufutiliaji wa data: kuiondoa data kwenye kifaa hadi isiweze kurejeshwa, ilhali kifaa chenyewe kinabaki kizima. Kukivunja au kukisaga kifaa ni jambo jingine, nalo tayari lina jina zuri, uteketezaji.

Kwa diski za sumaku, ufutiliaji ni kuandika sifuri au data ya nasibu juu ya kila sehemu ya diski. Watu wengi bado wanaamini ni lazima kurudia mara 35, hesabu iliyotokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996. Gutmann mwenyewe alikwisha kueleza kwamba haizihusu diski za kisasa, na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2014 uliona kuandika juu mara moja kunatosha kwa kawaida.

Diski za SSD zina tabia nyingine. Ili zisichakae upesi upande mmoja, huhamishahamisha data zenyewe, hivyo unachodhani umekiandika juu ya faili ya zamani huenda kimekwenda kukaa kwingine kabisa. Dawa yake ni amri ya ufutiliaji iliyomo ndani ya diski, ambayo huitwa kwa programu ya mtengenezaji, au kuisimba diski nzima, yaani kuifanya isisomeke bila ufunguo, tangu siku ya kwanza kwa programu kama BitLocker au FileVault. Siku ya kuuza, ukiuharibu ufunguo, yaliyobaki ni herufi zisizosomeka.

Ofisi zina deni kubwa zaidi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zahanati inayopiga mnada kompyuta zake huku majina na magonjwa ya watu yamo ndani inawasaliti wagonjwa ambao hata hawajui kwamba mnada umefanyika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuuza weka kwanza nakala ya unavyovihitaji, toka kwenye akaunti zako zote, kisha mwambie fundi wazi kwamba unataka data ifutiliwe mbali, si window mpya. Akishindwa, mwombe aichomoe diski, ubaki nayo, uuze kompyuta bila diski hata kama bei itapungua.