Orkoiyot si mfalme

Hapa Eldoret, Orkoiyot hutafsiriwa “mfalme wa Wanandi”. Tafsiri hiyo inapotosha. Wanandi hawakuwa na kiti cha enzi. Mambo mengi yaliamuliwa na mabaraza ya wazee. Orkoiyot, wa ukoo wa Talai, alikuwa mtabiri, na vita havikwenda bila baraka zake. Waingereza nao walimwita laibon, neno la Wamaasai, wakalitia hata katika sheria ya 1934 ya kuwahamisha Talai wa jamii ya Kipsigis hadi eneo la Gwassi. Waingereza hao ndio waliomuua Orkoiyot Koitalel arap Samoei mwaka 1905. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alizuiliwa tangu 1923 hadi 1964, uhuru ukiwa umeshapatikana. Basi wahariri, andikeni Orkoiyot, si mfalme wala laibon. Wingi wake ni Orkoiik.