Jembe, Jiwe la Kusagia na Mpaka: Kazi za Nyumbani na Shambani katika Busia na Tororo

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shuleni methali hii hufundishwa kama funzo la bidii. Mwanafunzi wa historia anaweza kuiuliza maswali mengine: jembe hilo lilitoka wapi, lilipatikana kwa mali gani, na kabla ya mgeni kupewa, nani alikuwa akililimia? Insha hii inaangalia kazi za kila siku za nyumbani na shambani katika vijiji vya Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya uhuru. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo wa kazi ambao leo tunauita "wa jadi" si wa jadi sana. Sehemu yake kubwa iliundwa katika muda wa miaka 60 hivi, kwa kodi, pamba, reli, shule na mpaka wenyewe. Nitaonyesha pia kwa nini jambo hili si la kale tu, kwani leo linagusa haki za watu mahakamani.

Tuanze na mahali. Eneo hili lina Wasamia na Wagwe, Wateso, Wapadhola, Wabukusu na, kuelekea mlimani, Wamasaba. Mwanzoni lote lilikuwa upande mmoja, kwa sababu Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mpaka ulioelezwa rasmi mwaka 1926 ulifuata kwa sehemu kubwa mito ya Sio na Malaba. Vitabu vingi huishia hapo. Lakini mto si mstari wa ramani tu. Kwa watu wa kando yake ulikuwa mahali pa kuteka maji, kufua, kunywesha ng'ombe na kuchimba udongo wa vyungu. Serikali mbili zilipokutana mtoni, zilikuta akina mama na watoto wakiwa kazini.

Kabla ya hapo kazi ziligawanywa vipi? Kwa ufupi, mwanamume alikata msitu na kung'oa visiki, alijenga na kuezeka nyumba, alichunga na kukamua au kusimamia wanaokamua, alilinda mji. Mwanamke alipanda, alipalilia, alivuna, alisaga, alipika, alitengeneza pombe, alikandika ukuta na kupaka samadi sakafuni. Watoto waliamia ndege shambani. Ni kweli kwamba mzigo haukuwa sawa. Hata hivyo, kila upande ulikuwa na kazi nzito katika msimu wake, na shamba jipya halikuwezekana bila mikono ya wanaume. Kazi kubwa zilifanywa kwa kualikana: mwenye shamba aliwaita majirani, nao walilima tangu alfajiri, kisha wakaketi kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi wakinywa kwa mirija mirefu. Wateso huiita pombe hiyo ajon. Mara nyingi jambo moja husahauliwa: aliyeitengeneza pombe ile ni mwanamke, kutokana na wimbi la ghala lake. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeweza kuita nguvu kazi ya kijiji.

Jembe lenyewe lilikuwa mali. Vilima vya Samia vina mawe ya chuma, na wahunzi wa Kisamia waliyayeyusha na kufua majembe yaliyofika kwa Waluhya wengine, Wajaluo na watu wa Busoga. Jembe liliweza kubadilishwa kwa mifugo au nafaka, na lilitumiwa hata katika mahari. Maana yake ni kwamba kifaa cha kazi ya kila siku kilitoka karibu, kwa mtu anayejulikana, kwa njia ya biashara na ujamaa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, majembe ya viwanda vya Ulaya yalianza kuingia kwa wingi na kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo. Tanuri za Samia zilizimika polepole. Jembe sasa lilinunuliwa kwa sarafu, na sarafu ilibidi itafutwe.

Sarafu ilitafutwa hasa kwa sababu ya kodi. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3, na mfumo wa namna hiyo ukaenezwa mashariki. Upande wa Nyanza nao kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwanzoni mwa karne ya 20. Tuiangalie kodi hii kwa jicho la nyumbani. Ilihesabu nyumba, na katika mji wenye wake wengi kila mke alikuwa na nyumba yake. Kwa hiyo serikali ilihesabu majiko ya wanawake, kisha ikamdai mume. Mume alikuwa na njia mbili: kwenda kufanya kazi ya mshahara, au kulima zao la kuuza. Njia zote mbili zilibadilisha kazi za mke.

Upande wa Kenya njia ya kwanza ilitawala. Wanaume wa Nyanza walikwenda kwenye reli, kwenye mashamba ya walowezi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia, kwenye chai ya Kericho, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Kazi walizoziacha hazikutoweka. Kuezeka kulisubiri au kulilipiwa, ng'ombe waliachiwa watoto na wazee, na kukata shamba jipya kuliangukia mikono iliyobaki. Mwanamke aliyekuwa akipanda na kupalilia sasa alianza pia kufyeka.

Upande wa Uganda njia ya pili ilikuwa na nguvu zaidi. Mbegu za pamba ziligawiwa Uganda kuanzia miaka ya 1903 na 1904, na mashariki, hasa Bukedi na Teso, pakawa mahali pakubwa pa zao hilo. Mnamo 1910 plau za kukokotwa na maksai zilikuwa zimeanza kuingia Teso. Wengi hudhani plau ilipunguza kazi. Ilipunguza kazi ya kulima, ambayo ilichukuliwa na wanaume kwa sababu ng'ombe walikuwa wao. Lakini plau haipalilii, haichumi pamba, wala haiichambui nyeupe na yenye madoa. Shamba lililokuwa dogo kwa jembe la mkono likawa kubwa kwa plau, na palizi ikaongezeka kwa kiasi hichohicho. Mchumo, uliofanywa hasa na wanawake na watoto, ulikuja juu ya kazi zilizokuwapo. Pesa, hata hivyo, zililipwa kwa aliyepeleka mzigo kwenye kituo cha kununulia, na kwa kawaida huyo alikuwa mwenye jina katika daftari la kodi. Tukiongeza kazi za lazima za barabara, kama luwalo ya Uganda, ambayo haikuwa na malipo, tunaona jinsi siku za mwaka zilivyozidi kubanwa.

Siku zikibanwa, chakula hubadilika. Wimbi ni nafaka yenye kazi nyingi kuliko watu wengi wanavyojua. Hutawanywa shambani, kwa hiyo palizi yake hufanywa kwa kuinama na kung'oa kwa mkono. Magugu ya jamii yake hufanana nalo likiwa changa, na anayepalilia lazima awe na jicho la uzoefu. Huvunwa suke kwa suke kwa kisu, huanikwa, hupurwa, hupepetwa kwa ungo, kisha husagwa. Mtama nao huliwa na ndege usipoamiwa tangu asubuhi hadi jioni. Mahindi yana ganda linaloyafunika, hupandwa kwa mistari na huvunwa upesi. Baada ya Vita vya Kwanza mahindi meupe yalienea sana Nyanza. Maelezo ya kawaida ni kwamba soko liliyataka, na hilo ni kweli. Lakini nadhani kuna sababu nyingine iliyokuwa nyumbani: watoto walioamia ndege walianza kwenda shule za misheni, na mama aliyebaki peke yake alichagua zao lisilohitaji mlinzi. Mihogo ilienea kwa mantiki kama hiyo. Serikali iliihimiza, mara nyingine kwa amri, iwe akiba ya njaa, na mkulima aliikubali kwa sababu hukaa ardhini bila ghala na hungoja hadi mtu apate nafasi. Ghala la wimbi, ambalo mke alikuwa na mamlaka nalo, lilianza kupungua. Baadhi ya makanisa yalikataza pombe, na kibarua cha pesa kikaanza kuchukua nafasi ya kualikana. Hivyo mwanamke aliongezewa kazi huku akipoteza njia yake ya kuita msaada.

Mabadiliko mengine yalileta nafuu ya kweli. Kusaga kwa jiwe kulichukua saa nyingi: mtu hupiga magoti, husukuma jiwe dogo juu ya kubwa, na unga wa mlo mmoja hutoka kwa jasho. Mashine za kusagia zilipoenea katika vituo vya biashara, hasa baada ya Vita vya Pili, kazi hiyo ilihamia kwa mwenye mashine. Jiwe la nyanya yangu leo liko nje ya jiko, kuku wananywea maji katika kibonde alichokichimba kwa miaka ya kusukuma. Nilipomuuliza kama analikumbuka kwa huzuni, alicheka. Alisema mashine ilimpa magoti yake, ila ilimdai shilingi, na shilingi zilikuwa kwa babu. Katika jibu hilo kuna historia nzima ya nafuu inayonunuliwa na mtu asiyeshika pesa.

Mpinzani wa hoja yangu anaweza kusema kwamba wataalamu walikwisha kuandika kuhusu mila za kazi. Günter Wagner, kwa mfano, alifanya utafiti miongoni mwa Walogoli na Wabukusu katika miaka ya 1930, na kazi yake bado ni muhimu sana. Lakini tukumbuke kwamba watu aliowaona walikuwa wamelipa kodi kwa takriban miaka 30, na wengi wao walikuwa wameonja kazi ya mshahara. Tukichukua hali ya 1935 kama hali ya tangu zamani, tunayaita matokeo ya ukoloni "mila". Vilevile, ghasia za kodi za Bukedi za Januari 1960 huelezwa kama hasira ya wanaume dhidi ya machifu na makadirio ya kodi. Ni sawa, lakini kodi ile ilikadiriwa kwa mali ya mji mzima: mashamba, mifugo na mavuno. Walioyatoa mavuno hayo hawakuwa wanaume peke yao.

Kwa nini jambo hili lina uzito leo? Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inasema kwamba mchango wa mwanandoa si pesa tu. Unajumuisha kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali, na kwamba kila mmoja lazima athibitishe mchango wake. Ng'ambo ya mto, Katiba ya Uganda ya 1995 inawapa mume na mke haki sawa katika ndoa na inapovunjika. Sasa mama wa Amukura au wa Masafu atathibitishaje palizi ya miaka 40? Hati ya shamba, tangu usajili wa ardhi ulioanzishwa na Mpango wa Swynnerton wa 1954, mara nyingi ina jina la mwanamume. Risiti za pamba zilikuwa na jina lake pia. Palizi haina risiti. Na mtu akisimama kusema "hizo ni kazi za mwanamke tangu jadi", huwa anazifanya zionekane kama hewa, kitu kilichopo bila mtu kukitoa.

Hapa ndipo mwanahistoria ana kazi. Akionyesha kwamba kazi hizi zilibadilika, kwamba kila moja ilikuwa na mwanzo, sababu na aliyeibeba, anazirudisha katika hesabu. Ushahidi upo, ingawa si wote uko katika nyaraka za Nairobi na Kampala. Upo katika takataka za chuma za vilima vya Samia, katika majina ya mbegu ambazo wazee bado wanazitofautisha, na katika kumbukumbu za akina nyanya ambao hawatakuwapo siku zote. Wanafunzi wenzangu wanaotoka eneo hili wangeweza kuanza likizo ijayo, kwa daftari na kalamu, wakiuliza si nani alikuwa chifu, bali nani alipalilia shamba lipi, tangu lini, na mavuno yalikwenda wapi. Na tukienda kuuliza, tusikae kitako. Siku ya tatu tuombe jembe.