Mchungaji wa Kibo

Siku zisizo na mawingu, mtu aliyeko Makumira, chini ya Mlima Meru, huiona theluji ya Kibo upande wa mashariki. Karibu na hapo, Akeri, ndipo walipouawa Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig, mwezi wa Oktoba 1896. Misioni hiyohiyo ndiyo iliyomleta Dk. Richard Reusch Tanganyika mwaka 1923.

Mzaliwa huyu wa Urusi (1891) alikuwa mchungaji, mwalimu wa walimu huko Marangu, na mtaalamu wa lugha za Mashariki. Kitabu chake juu ya Uislamu katika Afrika ya Mashariki kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1931. Tena alikuwa mpanda mlima asiyechoka. Kasoko ya ndani ya Kibo yaitwa kwa jina lake hata leo. Mwaka 1926 alimpiga picha chui aliyekufa akaganda ukingoni mwa kasoko. Wala si yeye peke yake aliyemwona. Hemingway akamtaja chui mwanzoni mwa hadithi yake ya 1936, mchungaji asimtaje.

Kwa maoni yangu hapo historia imempunja, kwani mzoga mmoja umefunika miaka ya darasani na kanisani. Vita vilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, yeye alibaki kazini.

Mwaka 1954 ilichapwa historia yake ya Afrika ya Mashariki. Mwaka huohuo chuo cha wachungaji kilihamia Makumira kutoka Lwandai, Usambara.