Kisu Kiunoni, Kipande Shingoni

Tarehe 13 Septemba 2022, pale Kasarani, rais mpya wa Kenya alikabidhiwa Katiba na upanga. Nchi nzima ilitazama kwenye runinga na sikusikia mtu yeyote akiuliza upanga ule ulikuwa wa kazi gani. Sasa mchukue kijana wa Kayole, saa tatu usiku, yuko stejini na kisu cha urefu wa vidole vinne kiunoni. Swali la kwanza atakaloulizwa na afande ni hilohilo ambalo Kasarani halikuulizwa: hiki ni cha nini?

Hilo swali limenikaa kichwani kwa sababu za kikazi tu, si mambo makubwa. Tangu niache chuo mwaka wa tatu, mchana nauza miche kando ya barabara na usiku naandika. Kazi ya miche bila kisu haiendi. Unakata kamba ya katani, unapasua gunia la mbolea, unachana karatasi ya mche bila kuumiza mizizi, na siku ya kubebesha parachichi unahitaji makali yanayopita mara moja tu, kwa sababu ukichanachana ganda, kikonyo kinakauka na pesa imeenda. Kisu cha kukunja nimekitumia. Udongo unaingia kwenye maungio, kinaanza kulegea, na siku moja kinajikunja huku unasukuma. Hapo kinachokatwa ni kidole. Ndiyo maana nikaanza kutafuta kisu kidogo kisichokunja, chenye ala yake, cha kukaa nacho kutwa nzima.

Nilidhani ni suala la kwenda dukani. Kumbe ni suala la historia.

Tuanzie kaskazini. Mwaka 2011, pale Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, watafiti walipata mawe yaliyogongwa kwa makusudi ili yapate makali. Walipotangaza matokeo yao mwaka 2015, umri uliotolewa ulikuwa miaka milioni 3.3. Yaani kulikuwa na viumbe wanatafuta kitu cha kukatia huko Turkana muda mrefu sana kabla ya binadamu wa aina yetu kutokea. Ukishuka hadi Olorgesailie, ile barabara ya kwenda Magadi, utakuta ushahidi wa miaka kama 300,000 iliyopita: vifaa vilivyochongwa kutoka kwa jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo, na jiwe lenyewe lilitoka makumi ya kilomita mbali. Mtu alilibeba, au alibadilishana na mwingine aliyelibeba. Kutembea na makali si tabia ya wahuni wa mtaa. Ni mojawapo ya tabia za zamani zaidi tulizo nazo.

Na Turkana hiyohiyo ndiyo iliyozaa kisu ninachokiheshimu kuliko vyote. Ni bamba la chuma la mviringo linalovaliwa kwenye kifundo cha mkono kama bangili, na makali yake ni ukingo wa nje. Ukiwa hukitumii, unafunika makali kwa ukanda wa ngozi, unaendelea na maisha: unakunywa maziwa, unafunga mbuzi, unamsalimia mzee. Ukitaka kukata nyama au ugomvi ukizuka, unavua ule ukanda. Kipo pia kidogo zaidi, cha kuvaa kidoleni kama pete. Hakuna cha kutafuta mfukoni, hakuna cha kusahau nyumbani. Jamii ya wafugaji wanaohama kila mara ilikaa ikafikiria mtu anahitaji nini mwilini mwake kila siku, ikatoa jibu bora kuliko lolote nililoliona kwenye maduka ya vifaa vya kupanda milima hapa Nairobi.

Kusini kidogo, kulikuwa na simi. Unaijua kwa umbo: nyembamba karibu na mpini, inapanuka ikielekea nchani kama jani, ndani ya ala ya ngozi nyekundu. Wamaasai, Wagikuyu, Wakamba, wote walikuwa nayo kwa namna yao. Chuma chenyewe hakikutoka mbali. Wahunzi wa Kikuyu walichuja mchanga mweusi wenye chuma kwenye mito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Baadaye misafara ya biashara ilileta waya wa chuma kutoka pwani, na kazi ikarahisika.

Lakini angalia walivyomtendea aliyetengeneza. Wamaasai waliwaita wahunzi wao Ilkunono na kuwatenga. Hawakuoana nao. Aliyepokea kifaa kutoka mkononi mwa mhunzi alijipaka mafuta kwanza ndipo akishike. Sababu waliyoitoa ni kwamba mhunzi ndiye anayetengeneza kinachomwaga damu, na kwa hivyo anawashawishi watu kuimwaga. Kwa Wagikuyu mambo yalikuwa tofauti kidogo, mhunzi aliogopwa: laana yake ilisemekana kuwa nzito kuliko ya watu wengine. Kwa vyovyote vile, wazee hawakujidanganya kuhusu kisu. Walikipenda, walikivaa kila siku, na walijua kina upande wa pili. Methali yetu inasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na wengi tunaitaja tukizungumzia pesa au ujanja. Wao waliongeza swali: na huyu anayenoa, tumweke wapi?

Halafu reli ikaja. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, pale Kisumu ya leo, mwaka 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India, na miongoni mwao walikuwepo mafundi wa Kisingasinga kutoka Punjab. Hawa walikuja na kisu chao. Tangu mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipounda Khalsa, Singasinga aliyebatizwa huvaa vitu vitano, na kimoja ni kirpan, jambia dogo lisilokunja, ambalo humkumbusha wajibu wa kumlinda mnyonge. Kirpan si silaha ya kutafutia ugomvi. Ni ahadi unayoivaa.

Serikali ya Waingereza iliyotawala Punjab haikuwa na raha na ahadi hiyo. Sheria ya Silaha ya India ya mwaka 1878 iliwataka Wahindi wawe na kibali cha silaha, na Masingasinga walipambana miaka mingi hadi kirpan ikaachwa nje ya sheria hiyo. India ilipoandika katiba yake, ikaweka wazi katika kifungu cha 25 kwamba kuvaa na kubeba kirpan ni sehemu ya dini ya Kisingasinga. Mwaka 2006, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba mwanafunzi mmoja wa Montreal ana haki ya kwenda shuleni na kirpan yake, mradi imefungwa na kushonewa ndani ya nguo. Ona jinsi walivyoshinda. Hawakusema kisu hakina hatari. Walisema: sisi tuna sababu, na sababu yetu ina historia.

Waingereza wenyewe walishapitia haya nyumbani. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, waliwanyang'anya watu wa milima ya Uskoti silaha zao na hata kuwakataza mavazi yao ya kitamaduni. Leo Mskoti akioa, anachomeka kisu kidogo kwenye soksi na kila mtu anapiga picha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inakuruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisichozidi inchi tatu. Kisichokunja, hata kiwe kifupi vipi, lazima uwe na sababu nzuri, na sheria yenyewe inazitaja: kazi, dini, au vazi la taifa. Kwa maneno mengine, kisu kinarudishwa kwa mwenyewe siku ambayo hakimtishi tena mtawala.

Hapa kwetu mwenyewe alipewa kitu kingine cha kuvaa. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vya kwanza vya dunia vilipoisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Sisemi kwamba kipande kiliwekwa ili kuondoa simi. Kiliwekwa ili kibarua asitoroke kwa mzungu wake. Lakini hebu ifikirie familia moja tu. Babu anatoka nyumbani asubuhi na chuma kiunoni, chuma alichokinunua mwenyewe, cha kukatia anachotaka. Mjukuu anatoka na chuma shingoni, alichopewa na serikali, na kazi yake ni kumwambia mtu mwingine huyu ni wa nani. Chuma kilipanda kutoka kiunoni hadi shingoni, na njiani kikabadilisha mwenyewe.

Watu walikipinga kipande, Harry Thuku na wenzake wakiwa mstari wa mbele miaka ya mwanzo ya 1920, na kiliondolewa katika sura hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940. Muda mfupi baadaye, Oktoba 1952, Hali ya Hatari ikatangazwa. Wapiganaji wengi wa msituni hawakuwa na bunduki za kutosha. Walikuwa na simi, mapanga, na bunduki za kujiundia kwa mabomba ya maji. Kupatikana na bunduki au risasi kukawa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe hakushtakiwa kwa kuua mtu. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Mwanahistoria David Anderson alihesabu watu 1,090 walionyongwa katika vita hivyo, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kosa la kuua. Ulichokuwa nacho mwilini kilitosha.

Ndiyo maana afande akikupapasa leo, hiyo mikono ina historia ndefu. Kanuni zetu za Adhabu zilianza kutumika mwaka 1930, na tungali nazo, zikiwa zimerekebishwa hapa na pale. Kifungu cha 308 kinamhusu mtu anayepatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alinuia kutenda jinai. Isome tena. Sheria haipimi kisu kwa rula. Inapima mazingira. Na mazingira, tukiongea ukweli, ni nguo ulizovaa, mtaa uliomo, saa ya usiku, na kama una elfu moja mfukoni. Kijana wa Kimaasai akitembea na simi ufukweni Diani, huo ni utamaduni na watalii wanapanga foleni. Mimi nikiivaa simi hiyohiyo Tom Mboya Street, hiyo ni kesi.

Kwa hivyo nilipoenda kuchagua kisu changu, nilienda na haya yote kichwani. Nilienda Kamukunji, kwa wajukuu wa wale wahunzi, ambao sasa tunawaita jua kali na bado tunawatenga kwa njia zetu. Fundi alinitengenezea kwa msumeno wa zamani. Kama unatafuta chako, sikiliza alichoniambia, kwa sababu anajua. Chuma kipite ndani ya mpini hadi mwisho, kisiishie katikati, la sivyo kitavunjika siku ya kazi ngumu. Urefu wa makali usizidi upana wa kiganja. Zaidi ya hapo hukati chochote cha ziada, unatafuta maneno tu. Chuma cha msumeno au springi ya gari kinashika kutu, lakini kinanoleka kwa jiwe la kawaida kwa dakika tano, na ukikipaka mafuta kidogo kitakuzika. Mpini uwe wa mti mgumu, usio laini sana, kwa sababu mkono wa kazi una maji na udongo. Na ala usiifanyie ubahili. Ala mbovu ndiyo inayokata mwenye kisu.

Nikamwuliza, wateja wake wengi ni nani. Akasema wenye bucha, wakulima, na wazazi wanaonunulia jikoni. Vijana je? Akacheka. "Kijana akija, namwuliza kwanza ni cha nini."

Sikukasirika. Swali lake halikuwa la afande. Lilikuwa la mhunzi, lile ambalo wazee walilijibu kwa mafuta mkononi. Nikamweleza habari za parachichi, naye akanifundisha kunoa upande mmoja tu wa makali, kwa sababu kikonyo kinachokatwa namna hiyo kinashika vizuri.

Kisu hicho sasa kinaishi kwenye mkoba wa kazi, pamoja na kamba, tepu ya kubebeshea na kitabu cha risiti. Mchana, katikati ya miche, hakuna anayekitazama mara mbili. Sababu yake iko pale imesimama kwenye mifuko ya nailoni. Jioni nikifunga kazi nakipangusa, nakipaka mafuta, nakiacha. Natoka kwenda kwa wasee nikiwa mikono mitupu, maana nyama choma hukatwa na mwenye bucha.

Kitambulisho ndicho sijawahi kukiacha.